«Chakula cha ajabu»: tunanunua afya au tunanunua jina?



Swali hili linarudi katika vikundi vyetu karibu kila wiki. Mmoja anauliza kama unga wa moringa unaponya ugonjwa wa sukari. Mwingine anauliza kama mtoto wa miezi minne anaweza kulambishwa spirulina ili apate nguvu. Mwingine ameonyeshwa kwenye simu mbegu ndogo nyeusi zinazoitwa chia, akaambiwa kwamba mama anayezikosa hawezi kuwa na damu ya kutosha. Wote wanauliza jambo moja: je, kuna chakula kimoja chenye nguvu kupita vyakula vingine vyote, na je, inafaa kukinunua?

Tusilichukue swali hili kama mchezo. Uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa mwaka 2017-2018 ulionyesha kwamba katika inchi yetu watoto wapata 42 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kwa sababu ya kukosa lishe nzuri kwa muda mrefu. Mama anayetoa pesa kwa kopo la unga anazitoa mahali fulani. Mara nyingi anazitoa kwenye pesa za mboga, za samaki na za maharagi. Na wakati mwingine anatoa kitu cha bei kubwa zaidi, yaani siku. Mtoto mwenye bwaki anayebaki nyumbani wiki tatu «tuone kama unga utamsaidia» amepoteza wiki tatu ambazo hazirudi.

Basi tuchunguze jambo hili pole pole, kama tunavyofanya darasani: jina limetoka wapi, hesabu yake inasema nini, na sisi tuna nini sokoni kwetu.

Jina la wafanyabiashara

Kwenye makopo na vikaratasi vya Kifaransa utaona neno «superaliment». Maana yake ni chakula cha juu, chakula kinachopita vingine. Neno hilo linasikika kama neno la wanganga. Lakini halikutoka hospitalini wala maabara. Wataalamu wa lishe hawana kipimo kinachosema: chakula kikifika hapa kinaitwa superaliment, kisipofika ni chakula cha kawaida. Hakuna mtihani wa kupita. Anayetaka kuliandika kwenye kopo lake ndiye anayeliandika.

Na ajabu ni hii: kati ya vyakula vya kwanza vilivyotangazwa kwa namna hiyo kuna ndizi. Ndiyo, ndizi hizi zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Marekani iliyoitwa United Fruit Company ilikuwa inaleta meli nyingi za ndizi kutoka Amerika ya Kati. Wamarekani wengi walikuwa hawajazoea kuzila. Kampuni ikachapisha vitabu vidogo vya kusifu faida za ndizi: ni rahisi, zina nguvu, zimefungwa na ganda lao lenyewe kwa hiyo ni safi, zinafaa kwa watoto. Hayo hayakuwa uongo. Lakini yaliandikwa na mwenye meli za ndizi.

Katika miaka hiyo, mwaka 1924, daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba anatibu kwa ndizi watoto wenye ugonjwa wa tumbo unaoitwa seliaki. Watoto hao walikuwa wanaharisha, wanakonda, tumbo linavimba, na wengine walikufa. Haas aliwapa ndizi nyingi kila siku, akawakataza mkate na vyakula vingine vya unga. Watoto wakapata nafuu. Kila mtu akasema: ndizi zinaponya!

Baadaye daktari Mholanzi, Willem Dicke, aligundua sababu ya kweli, akaieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Kilichokuwa kinawaumiza watoto wale ni ngano. Ndizi hazikuwaponya. Waliponea kwa sababu, walipokuwa wanakula ndizi, hawakula mkate. Mtoto aliyerudishiwa mkate aliumwa tena, hata kama alikuwa amekula ndizi mlima mzima.

Wamama, tushike somo hilo vizuri. Mtu anaweza kutumia kitu fulani, akapona kweli, na kisha akataja sababu isiyo yenyewe. Jirani anapokwambia «mimi nilikunywa unga ule na nikapona», si lazima awe anadanganya. Lakini labda wakati huohuo aliacha pombe, alianza kula mboga, alimeza dawa za kituo cha afya, au ugonjwa ulikuwa umefika siku yake ya kuondoka. Ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kutenganisha mambo hayo.

Wengine wamekwisha kukataa

Kuna watu wanaofikiri kwamba, kama kitu kinauzwa Ulaya na Marekani, kimekwisha kuhakikishwa. Tuone basi huko kwenyewe walifanya nini.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2007, mfanyabiashara haruhusiwi kuandika neno kama superaliment kwenye chakula chake isipokuwa pamoja na maelezo ya faida ya afya ambayo yamechunguzwa na kukubaliwa. Jina peke yake halitoshi.

Huko Marekani, kampuni POM Wonderful iliuza maji ya komamanga ikitangaza kwamba yanasaidia kutibu au kuzuia ugonjwa wa moyo na kansa ya tezi la wanaume. Mwaka 2013 tume ya serikali inayosimamia biashara iliamua kwamba matangazo mengi ya namna hiyo yalikuwa ya kudanganya, kwa sababu hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Kampuni ilikata rufaa. Mwaka 2015 mahakama ilikubali sehemu kubwa ya uamuzi wa tume. Komamanga ni tunda zuri. Kosa lilikuwa kulifanya dawa.

Mfano wa tatu unahusu neno lingine mnalolisikia sana, «antioxydant». Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha iliyoonyesha nguvu ya antioxydant ya vyakula vingi, iliyopimwa katika chupa za maabara. Wauzaji waliipenda sana: tunda letu lina elfu fulani, la mwenzetu lina mia tu! Mwaka 2012 wizara hiyo iliiondoa orodha, ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi kitakachotokea katika mwili wa mtu, na kwamba kampuni zilikuwa zinazitumia vibaya. Mwili si chupa. Chakula kinapita mdomoni, tumboni, katika matumbo na katika ini kabla ya kufika kwenye damu.

Hesabu ya kijiko kimoja

Sasa tuje kwenye moringa, kwa maana ndiyo inayouzwa zaidi hapa kwetu, hata wengine wanaiita mti wa miujiza. Tangazo linalozunguka karibu dunia nzima linasema hivi: majani makavu ya moringa yana vitamini A mara 10 kuliko karoti, kalsiamu mara 17 kuliko maziwa, protini mara 9 kuliko yaourt, na chuma mara 25 kuliko spinachi.

Tusibishane na namba hizo leo. Tuzikubali kama zilivyo, halafu tuulize swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa sita anapaswa kuuliza: mara ngapi, kwa uzito gani?

Hesabu ile ni ya gramu kwa gramu. Gramu 100 za unga mkavu zinalinganishwa na gramu 100 za maziwa. Maziwa ni maji sehemu kubwa. Karoti pia ni maji sehemu kubwa. Unga mkavu umeondolewa maji. Ukikausha mboga yoyote ukaisaga, na yenyewe itaonekana ina nguvu mara nyingi kuliko karoti mbichi. Na nani anakula gramu 100 za unga wa moringa? Mama anaweka kijiko kimoja cha supu, ambacho ni gramu 8 hivi.

Tuhesabu pamoja:

Kalsiamu: 8 mara 17 ni 136. Kijiko kimoja kina kalsiamu ya gramu 136 za maziwa, yaani kidogo zaidi ya nusu ya glasi.

Protini: 8 mara 9 ni 72. Kijiko kimoja ni sawa na vijiko vichache vya yaourt. Ni gramu 2 hivi za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi.

Vitamini A: 8 mara 10 ni 80. Kijiko kimoja ni sawa na karoti moja ya kadiri.

Karoti moja na nusu glasi ya maziwa si kitu cha kudharau. Ni msaada. Lakini muujiza tena uko wapi? Tumetumia namba za muuzaji mwenyewe, hatukupunguza hata moja, na tumefika kwenye karoti.

Kuna jambo lingine. Matangazo fulani yanaongeza kwamba moringa ina vitamini C mara 7 kuliko chungwa. Namba hiyo inasemwa juu ya majani mabichi. Vitamini C inaharibika kwa joto, kwa jua na kwa kukaa. Anayeichukua namba ya majani mabichi akaibandika kwenye kopo la unga amechanganya vitu viwili. Na kuhusu chuma, kile kinachotoka kwenye majani mwili unakipokea kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki. Namba iliyo kwenye kibandiko si namba inayofika kwenye damu.

Spirulina nayo tuipime vilevile. Ni kimea kidogo sana cha majini, na kando ya Ziwa Chad wamama wamekikusanya na kukikausha tangu zamani kwa ajili ya mchuzi. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Lakini kijiko kidogo cha gramu 5 kinakupa gramu 3 za protini, yaani nusu ya yai. Uliza bei ya kijiko kile, kisha uliza bei ya nusu ya yai.

Nisieleweke vibaya. Moringa ni mboga nzuri. Mti wenyewe asili yake ni kaskazini ya Uhindi, unapenda joto, na unastawi vizuri zaidi katika tambarare ya Ruzizi kuliko kwenye vilima vyetu vya baridi. Aliye nao uani achume majani, ayapike kama mboga nyingine, awape watoto. Ninachokataa ni kuuza mboga kwa bei ya dawa, na kuahidi kwa mboga kazi ya dawa.

Sokoni kwetu kuna nini?

Twende sasa Kadutu au Nyawera na kikapu chetu. Vitu vifuatavyo havina kopo la rangi wala jina la Kifaransa, lakini vikipimwa kwa haki havitaona haya.

Lengalenga na matembele. Majani haya ya kijani yana vitamini A ya mimea, chuma, kalsiamu na vitamini C. Yaoshe kabla ya kuyakata, si baada yake, kwa maana ukiosha majani yaliyokatwa unamwaga vitamini pamoja na maji. Yapike kwa maji kidogo na kwa muda mfupi. Wale wanaotia bikarbonate ili mboga ibaki kijani au maharagi yaive haraka wapunguze desturi hiyo, inaharibu vitamini.

Sombe. Ni mboga yenye protini kuliko majani mengi, lakini inadai kazi. Mihogo na majani yake yana sumu ambayo inaondoka kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu. Usifupishe kazi hiyo. Na mizizi ya mihogo michungu ilowekwe siku za kutosha na kukaushwa vizuri. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ghafla bila kupona, ulielezwa na daktari Trolli huku Congo katika eneo la Kwango mwaka 1938. Unawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, huku wakikosa protini. Chakula kilekile kinalisha nyumba moja na kulemaza nyumba nyingine, kulingana na namna kilivyotayarishwa na kile kilichowekwa kando yake.

Mawese. Rangi ile nyekundu ndiyo mali yenyewe: ni vitamini A ya mimea. Ukiyachoma mafuta mpaka yageuke meupe, umeiunguza mali hiyo. Tia kijiko kidogo katika mboga au katika uji wa mtoto wakati chakula kinakaribia kuiva. Mafuta pia yanasaidia mwili kupokea vitamini A iliyo kwenye mboga.

Sambaza na ndagala. Sambaza hawakuwa katika Ziwa Kivu tangu mwanzo, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni mboga ya tajiri na ya maskini. Samaki mdogo aliyekaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Na kwa kuwa analiwa mzima na mifupa yake, anatoa pia kalsiamu. Kwa mtoto, mtwange awe unga, uchekeche, utie kijiko katika uji. Huo ni unga ambao mimi ningeusifu, na unatengenezwa kwa kinu cha nyumbani.

Maharagi, karanga na soya. Hapa kwetu watafiti wa INERA Mulungu wamefanya kazi miaka mingi juu ya mbegu za maharagi, pamoja na zile zenye chuma zaidi. Loweka maharagi usiku, mwaga maji yale, yapike kwa maji mapya. Karanga za kiganja kimoja zinashinda kijiko cha unga wowote wa kopo kwa protini na kwa mafuta. Chagua zisizo na ukungu.

Viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilipewa watafiti wanne, Maria Andrade, Jan Low, Robert Mwanga wa Uganda na Howarth Bouis, kwa kazi ya kutia vitamini katika mazao ya kawaida. Watatu wa kwanza walikuwa wameshughulikia viazi hivyo hapa Afrika. Mtu akiwa na mbegu, agawie kikundi chake. Mashina yake yanapandwa tena, hayanunuliwi kila mwezi.

Mapera. Chungwa lina miligramu 53 hivi za vitamini C katika gramu 100. Pera lina zaidi ya 200. Na watoto wetu wanayaokota chini ya mti! Vitamini C inasaidia mwili kupokea chuma cha maharagi na mboga. Kwa hiyo pera au limau wakati wa chakula ni jambo la akili. Chai, kinyume chake, inazuia chuma. Ikunywe saa moja au mbili baada ya chakula, si pamoja nacho.

Hakuna chakula kinachofanya kazi ya vyote

Mmeona kwamba katika orodha ile kila kimoja kina kazi yake. Mapera hayana protini ya samaki. Samaki hana vitamini C ya mapera. Maharagi hayana vitamini A ya mawese. Hata maziwa ya ng'ombe, yanayosifiwa na wote, yana chuma kidogo sana.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF, wakitaka kujua kama mtoto wa miezi 6 hadi 23 amekula vizuri, hawaulizi amekula chakula gani cha ajabu. Wanahesabu makundi 8: maziwa ya mama, nafaka na mizizi, maharagi na karanga, maziwa na yaourt, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga na matunda mengine. Mtoto aliyepata angalau makundi 5 kwa siku anahesabiwa kuwa amepata mchanganyiko wa kutosha.

Jaribu kuhesabu: mtoto anayenyonya, aliyekula bugali na maharagi, lengalenga yenye mawese, na unga wa ndagala. Maziwa ya mama moja, bugali mbili, maharagi tatu, lengalenga nne, ndagala tano. Umefika bila kununua kopo lolote.

Mtoto wa chini ya miezi sita

Hapa sitazunguka. Mtoto wa chini ya miezi 6 anapewa maziwa ya mama peke yake. Hapewi maji, hapewi uji, hapewi moringa, hapewi spirulina. Asali nayo, ambayo wengine wanaiuza kama dawa ya kila kitu, haifai kwa mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za sumu ambayo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuizuia.

Si mara ya kwanza matangazo kuwaingilia wamama na watoto wachanga. Daktari Cicely Williams ndiye aliyeandika mwaka 1933, akiwa Ghana, juu ya ugonjwa tunaouita bwaki. Alichukua jina «kwashiorkor» kutoka kwa wamama wa kabila la Ga, ambao walijua kwamba unampata mtoto aliyeachishwa ziwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Baadaye alifanya kazi Singapore, akakuta wamama wanashawishiwa kuwapa watoto wachanga maziwa ya kopo yenye sukari. Mwaka 1939 alisimama mbele ya watu wakubwa wa mji akatoa hotuba aliyoiita «Maziwa na Mauaji». Ilipita miaka 42 kabla ya Mkutano wa Afya wa Dunia kupitisha, mwaka 1981, kanuni ya kimataifa ya kuzuia matangazo ya vitu vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Watoto wangapi walikufa katikati, Mungu anajua.

Wakati ugonjwa umekwisha kuingia

Chakula kizuri kinalinda. Lakini mtoto aliyekwisha kuugua utapiamlo mkali haponywi na sambaza wala na moringa. RECO wa mtaa wenu ana ule utepe wa kupimia mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11 na nusu ni rangi nyekundu, ni hatari. Kati ya 11 na nusu na 12 na nusu ni rangi ya manjano, ni onyo. Miguu yote miwili ikivimba, na kidole chako kikibonyeza kinaacha shimo, usingoje hata utepe. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo.

Huko UNTA atapewa ule mchanganyiko wa karanga mnaoujua kwa jina la Plumpy'Nut. Mtu atasema: mbona nao ni chakula cha kifuko, una tofauti gani na makopo? Tofauti ni kubwa. Uliundwa mwaka 1996 na Wafaransa André Briend na Michel Lescanne, una karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini kwa kipimo kinachojulikana, ukajaribiwa kwa watoto wagonjwa wengi na matokeo yakahesabiwa. Unatolewa kwa ugonjwa mmoja, kwa muda fulani, chini ya macho ya munganga. Hakuna anayesema kwamba unaponya pia tansio, kansa na ugumba. Na kwa kuwa ni dawa ya mtoto mgonjwa, haugawanywi na ndugu zake wala hauuzwi sokoni.

Vilevile mama mjamzito asiache vidonge vya chuma na foliki anavyopewa CPN kwa sababu amepata unga wa kijani. Mwenye ugonjwa wa sukari, wa tansio au mwenye kutumia dawa za kila siku asizipunguze kwa neno la muuzaji. Hata kuziongezea mimea ni lazima amwambie munganga, kwa maana mimea fulani inashusha sukari au tansio juu ya ile dawa, na mtu anaanguka.

Maswali matano ya kumwuliza muuzaji

Muuzaji akija katika mkutano, mpokeeni kwa heshima, kwa maana naye anatafuta chakula cha watoto wake. Kisha mumwulize:

1. Kijiko kimoja kina uzito gani, na ndani yake kuna nini? Si katika gramu 100, katika kijiko.

2. Kinatibu magonjwa mangapi? Akitaja zaidi ya mawili, mshukuruni na mwendelee na kikao.

3. Nani alikijaribu, isipokuwa yule anayekiuza?

4. Nani hapaswi kukitumia? Kitu kinachofaa kwa mjamzito, mtoto, mzee na mgonjwa wote sawasawa hakijachunguzwa.

5. Kwa pesa hiyohiyo, ningenunua nini sokoni?

Swali la tano linaweza kuwa zoezi la AVEC zenu wiki hii. Andikeni bei ya kopo moja juu ya karatasi. Halafu wamama wawili waende sokoni waulize bei za siku ile: mayai, ndagala, maharagi, karanga, mafungu ya lengalenga, mawese. Mhesabu ni siku ngapi nyumba ya watu sita ingeongezewa kitu kizuri katika sahani kwa bei ya kopo lile. Andikeni jibu, mtuletee. Tutakusanya hesabu za vikundi vyote na kuzichapisha hapa, ili zisomwe pia na wale ambao hawakufika mkutanoni.

Na siku ya CPS ikifika, mpeleke mtoto akapimwe, hata kama anaonekana mnene na anacheza.